Usiku mahakama ya madai ilipozuia sindano ya kifo: tuongee rufaa za majimbo ya Marekani

#1 Mkalimani wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Najua huko nyumbani kwa wengine kumeshakucha.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani hapa Texas, Kiswahili na Kiingereza. Ninaowatafsiria wengi ni ndugu zetu wa Kongo, waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka nenda rudi kabla ya kupata ndege ya kuja huku. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuliko hata la dhamana, ni hili: "Tukikata rufaa, safari hii wataniamini?"

Jibu langu huwakata watu maini. Mahakama ya rufaa ya huku haina kazi ya kukuamini wala ya kutokukuamini.

Niwape picha. Kuna mama mmoja mumewe alifungwa. Siku ya rufaa alikuja na shemeji yake, wamepanda basi usiku kucha kutoka jimbo jingine. Shemeji ndiye shahidi ambaye, kwa maelezo yao, hakuitwa kwenye kesi ya kwanza. Kavaa suti mpya, lebo ya dukani bado imeshonwa kwenye mkono wa koti. Tukakaa benchi la nyuma. Majaji watatu wakaingia, wakili wetu akaongea dakika zake kama ishirini huku anakatizwa na maswali, wa serikali akaongea za kwake, majaji wakainuka wakaondoka. Mume mwenyewe hakuwepo, maana mrufani aliye gerezani kwa kawaida haletwi. Mama akanishika mkono: "Sasa huyu ataongea saa ngapi?"

Haongei. Hakuna shahidi anayeongea pale. Kilicholetwa mbele ya majaji ni mwenendo wa kesi uliochapwa na hoja za mawakili, basi. Swali lao ni moja: kesi iliendeshwa kwa njia halali, au kuna mahali hakimu alikosea kosa la kutosha kuiharibu hukumu?

Nataka tupitie hukumu chache za miaka hii, za jinai na za madai, nianze na ya hapa kwangu kwa sababu nilikesha nayo.

#2 Mzee wa Kijiweni

Nimevuta kiti. Kahawa ipo, kashata ipo. Endelea mkuu.

#3 Mkalimani wa Zamu

Kwanza jueni kitu kimoja cha ajabu cha Texas. Kileleni kuna mahakama mbili, kila moja ina majaji tisa. Moja inaitwa Mahakama ya Juu, hiyo ni ya madai tu. Nyingine ni Mahakama ya Rufaa za Jinai, na kesi ya jinai ikifika hapo ndiyo imefika mwisho ndani ya jimbo. Oklahoma nako wana mahakama mbili za kilele. Majimbo mengine yana kilele kimoja.

Sasa, kuna mfungwa anaitwa Robert Roberson. Mwaka 2002 mtoto wake wa kike, Nikki, wa miaka miwili, alizidiwa nyumbani, baba akamkimbiza hospitali katika mji unaoitwa Palestine (ndiyo, Palestine ya Texas). Mtoto akafariki. Madaktari wakasema ametikiswa kwa nguvu mpaka ubongo ukaumia. Wauguzi wakasema baba alikuwa amekaa tu, uso mkavu, hana chozi. 2003 akahukumiwa kifo.

Ule uso mkavu ulikuja kupata maelezo 2018, alipopimwa akakutwa na usonji. Hali hiyo alizaliwa nayo. Mpelelezi aliyeongoza kesi yake, Brian Wharton, leo ni miongoni mwa wanaopiga kelele asiuawe. Na wataalamu walioangalia upya rekodi za hospitali walisema mtoto alikuwa na nimonia kali na alikuwa amepewa dawa ambazo leo daktari hawezi kumpa mtoto wa hali ile.

Texas ina sheria tangu 2013 inayomruhusu mfungwa kurudi mahakamani kama sayansi iliyomfunga imepitwa na wakati. Sheria nzuri, majimbo mengine yakaiga. Roberson aliitumia, 2016 ikamsaidia kuahirisha kifo, halafu akashindwa.

Siku ya kuuawa ikapangwa tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi na mbili jioni, gereza la Huntsville. Siku moja kabla, kamati ya wabunge wa Texas, wa vyama vyote viwili, ikampa hati ya wito: aje atoe ushahidi mbele ya kamati tarehe 21. Mtu aliyeshakufa haitiki wito! Wakaenda kwa jaji wa Austin, akazuia. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa za Jinai, nayo kwa kura 5 kwa 4 ikaondoa zuio. Saa zinakwenda. Hati ya kifo inaisha nguvu saa sita usiku, na Roberson yuko kwenye chumba cha karibu na kitanda.

Wabunge wakafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Wakaenda mahakama ya madai. Hoja yao: hili si suala la jinai, ni mgogoro wa mamlaka, bunge limemwita mtu na serikali inataka kumuua kabla hajaja. Kama saa nne kasoro usiku Mahakama ya Juu, ile ya madai, ikasimamisha.

Nilikuwa sebuleni na simu mkononi. Sikulala.

#4 BintiWaPangani

Mungu wangu. Na alikwenda kutoa huo ushahidi?

#5 Mkalimani wa Zamu

Hapana dada. Walibishana jinsi ya kumleta, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba, mahakama ile ile ya madai ikasema hati ya wito ya bunge haiwezi kutumika kuzuia kifo kilichokwisha pangwa. Wakapanga tarehe mpya, 16 Oktoba 2025. Zikiwa zimebaki siku saba, Mahakama ya Rufaa za Jinai, ile iliyokuwa imemkatalia, ikasimamisha yenyewe na kurudisha jalada mahakama iliyosikiliza kesi.

Kisa? Mwaka mmoja kamili nyuma, 9 Oktoba 2024, mahakama hiyo ilitengua hukumu ya mtu mwingine, Andrew Roark, aliyehukumiwa Dallas mwaka 2000 kwa madai hayo hayo ya kutikisa mtoto. Daktari aliyetoa ushahidi dhidi ya Roark ndiye aliyetoa dhidi ya Roberson. Angalieni tarehe: Roark katenguliwa siku nane tu kabla Roberson hajapelekwa Huntsville. Mahakama moja, mwezi mmoja, sayansi moja, mmoja anafutiwa hukumu na mwingine anaandaliwa sindano.

#6 Wakili Mchanga

Mleta uzi hongera, umeeleza vizuri. Nichangie kwa upande wa kwetu Tanzania ili wasomaji wasichanganye.

Kwetu rufaa ya kwanza ni kama kusikiliza kesi upya. Msingi ni kesi ya Pandya ya 1957, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya enzi hizo: mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia maamuzi yake. Kwa hiyo jaji wa Mahakama Kuu anaweza kabisa kusema "shahidi huyu simwamini" ingawa hakimu wa wilaya alimwamini, ilimradi akumbuke kwamba yeye hakumwona akitetemeka kizimbani.

Huko kwenu nadhani juri ndiyo inawafunga mikono?

#7 Mkalimani wa Zamu

Ndiyo hiyo, wakili. Raia 12 wakishasema "tumeamini", majaji wa rufaa wanajiuliza tu kama kuna mtu yeyote mwenye akili timamu angeweza kufikia uamuzi huo kwa ushahidi uliokuwepo. Siyo "sisi tungefikia?" bali "angeweza?" Kipimo hicho kiliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1979. Ukikipima hivyo, karibu kila hukumu inapita. Ndiyo maana mawakili wa huku hawahangaiki sana na "mteja wangu hakufanya". Wanahangaika na karatasi: ni ushahidi gani uliingizwa ambao haukupaswa, jaji aliwaelekeza vipi juri, wakili alipinga papo hapo au alinyamaza. Usipopinga papo hapo, mara nyingi ndiyo imetoka.

Kitu kingine kitakachowashangaza: juri ikimwachia mtu huku, serikali haina rufaa. Imekwisha.

#8 Wakili Mchanga

Wakati kwetu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anakata rufaa hata mtu akiwa ameshafika nyumbani na kuchinjiwa mbuzi.

#9 Mzee wa Kijiweni

😂😂 Wakili umenikumbusha mbali. Mbuzi anaisha, jamaa anarudi mahakamani.

#10 Jirani wa Nyali

Niko Mombasa, nawasoma. Mimi nina hasira na jambo moja. Hizi mnazoziita hitilafu za njia, mbona huwasaidia wakubwa? Cosby, yule mchekeshaji maarufu, alifungwa kwa kosa la kingono akatoka. Weinstein, yule bwana wa filamu, hukumu yake ya kingono New York ilifutwa. Wanawake wale walisimama mbele ya dunia wakaeleza mambo ambayo hata mamako huwezi kumweleza, kisha mzee mwenye joho anasema njia haikufuatwa. Hiyo ni sheria ya wenye pesa tu.

#11 Mkalimani wa Zamu

Jirani, hasira yako ninaielewa, tena nusu naiunga mkono. Lakini tuziangalie moja moja kwa sababu hazifanani.

Weinstein. Februari 2020 alitiwa hatiani Manhattan, akapewa miaka 23. Rufaa ya kwanza, 2022, ikatupwa. Tarehe 25 Aprili 2024 mahakama ya juu kabisa ya New York ikafuta hukumu kwa kura 4 kwa 3. (Ujue New York majina yamepinduka: "Mahakama ya Juu" ni pale kesi inapoanzia, na ya mwisho inaitwa Mahakama ya Rufaa tu. Nimeshaona waandishi wa habari wa kwetu wakianguka kwenye shimo hilo.) Sababu ni kwamba upande wa mashtaka uliita wanawake watatu kueleza aliyowafanyia wao, ilhali kwa hao hakuwa ameshtakiwa. Majaji wanne wakasema alihukumiwa kwa tabia yake, si kwa mashtaka yaliyokuwa mezani. Watatu waliopinga walikuwa wakali kweli: walisema wenzao wanairudisha nyuma sheria ya makosa ya kingono.

Kanuni hiyo siyo ya kumtengenezea tajiri njia ya kutokea. Ni ya 1901 na ina kisa chake. Roland Molineux, mkemia wa New York, alishtakiwa kwamba alituma kwa posta kichupa cha dawa ya tumbo na kichwa chenye sumu, kwa hasimu wake wa klabu ya michezo. Hasimu akampa mama mwenye nyumba aliyekuwa anaumwa kichwa, mama akafa. Mashtaka wakaingiza na kifo cha mwanachama mwingine wa klabu, ambacho Molineux hakuwa ameshtakiwa nacho. Akahukumiwa kifo. Rufaa ikafuta, kesi ya pili akaachiwa. Tangu siku hiyo mawakili wa New York wanawaita mashahidi wa aina hiyo "mashahidi wa Molineux". Jina la mtu limegeuka kuwa kanuni.

Na Weinstein hakutoka hata siku moja, maana California walikuwa wameshampa miaka 16 yao. Kesi ya New York ikasikilizwa upya, Juni 2025 akatiwa hatiani kwa shtaka moja, akaachiwa kwa jingine, na la tatu likaishia bila uamuzi wa juri.

#12 BintiWaPangani

Mimi sikubaliani na wale wanne hata kidogo. Mtu akiwa na mchezo wake ule ule kwa wanawake watano, huo mchezo ndio ushahidi. Kijijini kwetu mwizi wa kuku anajulikana kwa namna anavyofungua banda.

#13 Wakili Mchanga

Dada, hoja yako ya banda ni hoja ya kisheria kabisa. Namna ya kufungua banda inaingia kama inasaidia kujua NANI kafungua. Haiingii kama lengo ni kusema "huyu ni mwizi tangu zamani". Mpaka uko hapo, na ndipo majaji walipogawanyika 4 kwa 3.

Kuhusu kusikiliza upya: kwetu kanuni ni Fatehali Manji, 1966. Kesi inarudishwa kuanza upya pale tu mwenendo wa kwanza ulipokuwa batili au wenye kasoro, si kwa ajili ya kuwapa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania utalikuta jina hilo mpaka ulichoke.

#14 Mkalimani wa Zamu

Ya Cosby sasa, na hapo jinai na madai zimeshikana mashati.

2005 mwendesha mashtaka wa kaunti moja ya Pennsylvania, Bruce Castor, alitangaza hatamshtaki. Kwa maelezo yake mwenyewe, lengo lilikuwa kumwondolea Cosby haki ya kunyamaza. Mtu asiyekabiliwa na jinai hawezi kukataa kujibu maswali kwenye kesi ya madai. Kweli, Cosby akajibu kwa kiapo, akakiri kuwapa wanawake dawa, akalipa zaidi ya dola milioni 3.3 kumaliza kesi ya madai. Miaka kumi baadaye mwendesha mashtaka mwingine akayachukua majibu yale yale, akamfungulia jinai, na 2018 akafungwa. Tarehe 30 Juni 2021 mahakama ya juu ya Pennsylvania ikasema serikali haiwezi kumshawishi mtu avue ngao halafu imchome pale pale. Akaachiwa, na hakuna kushtakiwa upya.

Jirani, mimi sijasema Cosby ni mtu mwema. Mahakama nayo haikusema. Lakini fikiria yule mama wangu wa Nyarugusu. Mwendesha mashtaka akimwambia "sema tu, hatutakushtaki", akasema, halafu miaka kumi baadaye wamgeuke. Kanuni iliyomtoa Cosby ndiyo pekee itakayomlinda. Tatizo ni kwamba yeye hana wakili wa kuifikisha huko juu. Hapo ndipo nakubaliana na wewe kabisa. Siku za kupeleka taarifa ya rufaa ya jinai hapa Texas ni 30, na nimeona watu zikiwapita wakiwa wanasubiri mtu wa kuwasomea barua.

#15 Wakili Mchanga

Kwetu taarifa siku 10, sababu za rufaa siku 45, kwa anayetoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu. Na huko magerezani anayeandika rufaa mara nyingi ni mfungwa mwenzake mwenye mwandiko mzuri.

#16 Jirani wa Nyali

Sawa, nimekusikia. Bado sijapoa, lakini nimekusikia.

#17 Mzee wa Kijiweni

Na Trump je? Nilisikia faini yake imefutwa yote.

#18 Mkalimani wa Zamu

Faini ndiyo, hatia hapana. Ilikuwa kesi ya madai, mwanasheria mkuu wa New York dhidi yake kwa kukuza thamani ya mali zake. Jaji alimpiga dola milioni 355 mwanzoni mwa 2024, riba ikaisukuma juu ya 500. Tarehe 21 Agosti 2025 majaji watano wa rufaa wakasema adhabu imepita kiasi kinachoruhusiwa na katiba, ila tamko kwamba alifanya udanganyifu likabaki. Kurasa 323, na maoni yamegawanyika mara tatu. Pande zote mbili zilitoka pale zikisema zimeshinda, na kesi ikaendelea kupanda juu.

Na kabla hujasema majaji hawa hawaguswi na siasa: hapa Texas wanapigiwa kura, kwa tiketi ya chama. Machi 2024 majaji watatu wa ile mahakama ya jinai walibwagwa kwenye mchujo wa chama chao, baada ya mwanasheria mkuu wa jimbo kupiga kampeni dhidi yao. Kosa lao? Mwishoni mwa 2021 mahakama yao ilisema, 8 kwa 1, kwamba yeye hana mamlaka ya kufungua kesi za jinai za uchaguzi peke yake.

#19 BintiWaPangani

Jaji anaomba kura! Akitoka hapo anasikiliza rufaa yako. Haya.

#20 Mzee wa Kijiweni

Tupumue kidogo jamani. Hakuna kesi nyepesi huko?

#21 Mkalimani wa Zamu

Ipo, Mzee. Colorado. Shirika moja la kutetea wanyama lilifungua shauri la kuwatoa tembo watano kwenye bustani ya wanyama, likitumia ile amri ya zamani ya Waingereza ya kumleta mfungwa mbele ya jaji ili serikali ieleze kwa nini imemshikilia. Tembo wenyewe ni wa Afrika, majike wazee. Mmoja wao anaitwa Jambo. Januari 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema, 6 kwa 0, amri hiyo ni ya watu, na tembo si mtu, hata awe na akili kiasi gani. New York walishasema hivyo 2022 kuhusu tembo wa Bronx, lakini kule majaji wawili walipinga na kuandika kurasa kwa kurasa.

#22 Mzee wa Kijiweni

Kapewa jina la Kiswahili halafu kanyimwa rufaa. Huyo ni ndugu yetu kabisa 😂

#23 BintiWaPangani

Mkalimani, hujatuambia. Yule mama wa basi na shemeji mwenye suti, iliishaje?

#24 Mkalimani wa Zamu

Nilijua mtauliza.

Hukumu ilitoka baada ya miezi kadhaa, kurasa chache tu. Wakili akanipigia, akaniunganisha na mama kwenye simu nimtafsirie. Neno la huku wanalotumia hukumu ya chini ikibaki kama ilivyo, mimi nilikuwa nimezoea kulitafsiri "kuthibitisha". Ndivyo kamusi inavyosema, na mahakamani kwetu ndivyo wanavyoandika. Wakili akasema sentensi yake, nami nikaanza: "Mama, mahakama imethibitisha..."

Sikumaliza. Alipiga kigelegele. Nikasikia watoto wanakimbilia simu, nikamsikia shemeji anauliza "wamesemaje?", na yeye anamjibu kwa sauti, "Wamethibitisha! Wamethibitisha hakufanya!"

Siku hizi nasema rufaa imekataliwa, na mume anabaki ndani. Nalitanguliza neno "imekataliwa" kabla ya kingine chochote.

Kesho nina zamu saa mbili asubuhi. Wakili Mchanga, kama una neno bora zaidi ya hilo liweke hapa, nitalikuta.

#25 Wakili Mchanga

Sina, kaka. Nimekaa nalo tangu uandike. Na sisi kila siku tunasoma "inathibitishwa" mbele ya watu waliosimama pale na pingu.